Baba Anasoma Kundi la Kwanza

9 Februari

Mwanangu Chumvi,

Pokea salamu za hapa nyumbani. Sisi wazima, tunasukuma siku. Shangazi yako hajambo, goti lake ndilo lenye jambo, na ukimwuliza atakueleza mpaka ujute kuuliza. Bati la jikoni nimelitia kiraka, sasa linavuja pengine. Paka wa mama yako bado yupo. Amezeeka, analala juu ya cherehani na hataki kushushwa, na mimi nimemwacha, maana cherehani yenyewe haina wa kuishonea.

Najua utashangaa kuona mwandiko wangu peke yake. Zamani mama yako ndiye aliyeandika, mimi nikasogezewa kalamu mwishoni niweke "baba anakusalimu". Tangu atutoke, huu mwaka wa pili, hatujaandikiana. Na kwenye simu mimi na wewe ni hujambo, sijambo, haya basi, halafu kila mtu anabaki kimya anasikiliza mwenzake anavyopumua. Sasa nimepata sababu ya kukuandikia.

Mwezi uliopita bosi alituita sote wa chumba cha kupikia sabuni. Akasema mambo yamebadilika, kostiki ni dawa kali inayochubua ngozi, si kitu cha kuchezea, na kila anayesimama mbele ya pipa lazima awe na cheti cha kemia cha kidato cha nne. Asiyekuwa nacho mwisho wa mwaka atahamishiwa getini. Getini, mimi, baada ya kupika sabuni tangu hujazaliwa. Nikaona haya ni makubwa. Nimejiandikisha masomo ya jioni pale shule ya msingi ulikosoma wewe.

Tuko kwenye jedwali la elementi, na kuna kitu kimenishinda. Mwalimu wetu, kijana mzuri ila ana haraka, anasema ukienda na safu kutoka kushoto kwenda kulia, kila atomu inaongezewa kitu: protoni moja kwenye kiini, na mtoto mmoja huku nje. Sawa. Lakini badala ya kunenepa, inasinyaa. Sodiamu mwanzoni mwa safu ni pande la mtu, klorini kule mwishoni ni kadogo. Nimemwuliza kwa nini, akaniambia, "Mzee, kariri tu." Kukariri sipendi. Nyumba ukiiongezea watoto inabana, haipungui. Wewe ndiye mwalimu wa kemia, nieleze.

Likizo ya mwezi wa nne utakuja?

Karatasi ikinuka sabuni unisamehe. Nimeandikia kazini wakati wa chakula, mikono haijakauka vizuri.

Ni mimi baba yako.


3 Machi

Baba, shikamoo.

Natumaini barua hii itawakuta wazima wote. Shangazi mpe pole ya goti. Huku tunaendelea.

Kwanza niwie radhi. Utakuta barua yako mwenyewe imerudi ndani ya bahasha hii, na imechorwachorwa kalamu nyekundu. Sikukusudia. Ilikuwa imeingia kwenye rundo la karatasi za jaribio la kidato cha tatu, nami nilikuwa nimechoka hoi, nasahihisha mkono unakwenda wenyewe. Nilizinduka nilipofika mwisho na kuona nimekata "mtoto" nikaandika "elektroni", nimepigia mstari "pande la mtu", na chini nimekupa sita kwa kumi. Nilitaka niandike upya kwa adabu, nikakosa nguvu. Naituma hivyohivyo.

Jibu lako ni hili. Ukienda na safu, kiini kinaongezewa protoni, na protoni ndizo zinazovuta. Elektroni nazo zinaongezeka, ila hazijengi ganda jipya, zote zinakaa ganda lilelile. Kwa hiyo kiini chenye nguvu zaidi kinavuta ganda lilelile, na ganda linasogea ndani. Ndiyo maana atomu inasinyaa. Hilo tu.

Na tafadhali, elementi si watu. Hazina watoto wala nyumba. Ukiandika "mtoto" kwenye mtihani, msahihishaji hatacheka, atakata. Mimi nasahihisha mitihani hiyo, najua.

Jingine, usiandike Chumvi juu ya bahasha. Karani wa shule amelisoma, na sasa chumba kizima cha walimu wananiita hivyo, hata mkuu wa shule juzi kikaoni limemponyoka. Ile chumvi niliyoilamba kwenye stoo ya kiwanda nikiwa na miaka minne hainihusu tena.

Likizo sidhani. Darasa la mtihani linabaki kwa masomo ya ziada, na mwalimu wa kemia ni mimi peke yangu. Maabara haina maji. Nikitaka waone sodiamu inavyokimbia juu ya maji, nawachorea ubaoni, nao wanachora kile nilichochora, tunaagana. Kipindi cha mwisho kikiisha nakaa juu ya stuli na kuona mlango uko mbali. Si ugonjwa. Ni kuchoka tu.

Mwanao.


20 Machi

Mwanangu Ch— (nimejizuia, umeona),

Salamu nyingi, na za shangazi yako pia, ambaye amefurahi kupewa pole na sasa anachechemea zaidi. Mvua zimeanza. Paka ameshuka kwenye cherehani siku moja, tukadhani ana nafuu, kumbe alifuata mjusi.

Barua yako nyekundu nimeipokea na sijapokea kitu kilichonifurahisha hivyo siku nyingi. Sita kwa kumi! Nimeipeleka darasani. Tuko watu wazima kumi na kitu kwenye madawati ya watoto, magoti yanagusa kidevu. Mimi nakaa na msusi mmoja, mama wa makamo, anayetaka cheti ili asome udaktari wa meno, na anasema hayo bila kutabasamu. Nyuma yetu yuko dereva wa lori anayesinzia akiwa amefumbua macho. Wote wameisoma. Msusi akasema binti yangu ana roho ngumu, kumkata mzazi alama nne. Nikamwambia huyo ndivyo alivyo, hata mama yake alikuwa hapendi kupima chakula kwa jicho.

Kuanzia leo kila barua nipe alama. Usiniandikie "haya basi", niandikie alama.

Maelezo yako nimeyaelewa. Ganda lilelile, kiini kimepata nguvu, vyote vinasogea ndani. Sasa sikiliza la kwangu. Wako sodiamu na potasiamu, wote kundi la kwanza, ndugu wa safu mbili, mmoja juu mwingine chini. Kiwandani, wewe ukiwa mdogo, walituletea mapipa ya kostiki ya potashi kwa kosa la stoo. Hatukujua. Tukapika kama kawaida, tukamwaga kwenye fremu, tukangoja igande. Haikuganda. Kesho yake imekaa uji, kesho kutwa uji. Bosi wa wakati ule akazunguka fremu zile anasema tumemroga. Tukaja kuambiwa kuwa sabuni ya sodiamu hushika ikawa mche, ya potasiamu hubaki laini. Kwa nini ndugu wa kundi moja wawe hivyo, mpaka leo sijui.

Swali la darasani ni hili. Mwalimu anasema ukishuka na kundi, lithiamu, sodiamu, potasiamu mpaka chini kabisa, kiini kinazidi kuwa kikubwa, protoni kibao. Kwa maelezo yako, si kingevuta zaidi? Lakini anasema kinyume: kadiri unavyoshuka, ndivyo yule wa nje anavyotoka kirahisi. Lithiamu mdogo anamshika mtu wake, potasiamu mwenye nguvu anamwachia. Inakuwaje mwenye nguvu ashindwe?

Umesema umechoka. Unakula?

Baba yako.


6 Mei

Baba, shikamoo.

Natumaini hamjambo. Nimechelewa kujibu. Likizo haikuwa likizo, na baada yake mkuu wa shule amenipa na hesabu za kidato cha pili juu, kwa kuwa mwalimu wake ameondoka. Amenipa kwa kunishika bega na kusema ananiamini. Nakula.

Barua yako nimeisahihisha, saba kwa kumi. Umepunguziwa moja kwa kuandika "yule" na "mtu wake" mahali pa elektroni, na moja kwa kuandika swali lenye hadithi ndani. Moja ni ya mwandiko. Herufi zako zimekuwa kubwa mno, mistari inapanda na kushuka, ukurasa mzima umebeba maneno ya nusu ukurasa. Kwenye mtihani utaishiwa karatasi.

Kuhusu sabuni, sababu kamili nami siijui. Nikipata kitabu nitaangalia.

Swali lako. Ukishuka na kundi, kila hatua inaongeza ganda zima. Elektroni ya nje inakaa mbali zaidi na kiini. Halafu kati yake na kiini kuna maganda mengine yaliyojaa elektroni, na hizo zinaikinga, mvuto haufiki ulivyotoka. Kwa hiyo protoni ni nyingi, ndiyo, lakini umbali na waliokaa katikati vinaushinda wingi wake. Umbali na kukingwa. Andika maneno hayo mawili, utapata alama zote.

Baba, kuna jambo moja. Nilipoinusa karatasi yako, haikunuka sabuni. Nayajua madaftari yangu yote ya shule yalivyonuka kwa sababu ya mfuko wako wa kazi. Hii inanuka karatasi. Uko kazini kweli?

Naomba uniambie, kwa sababu mimi kufichwa nimechoka kuliko ninavyochoka na kazi. Mwaka ule ulinipigia simu ukasema mama ana homa, imeshuka, niendelee kusimamia mtihani wa wanafunzi wangu. Nikaendelea. Nilipofika nyumbani nikakuta viti vya kukodi vinapakiwa kwenye gari. Watu wamekwisha kula, wamekwisha ondoka. Nilisimama pale getini na begi, na mtu wa viti akaniomba nisogee apite. Sijawahi kukuambia hilo, na wewe hujawahi kuniuliza. Ndiyo sababu siji. Si darasa la mtihani. Nimeliandika sasa, basi.

Mwanao.


28 Mei

Mwanangu,

Salamu. Huku wazima. Shangazi yako anakusalimu. Mvua zimekatika.

Sabuni hainuki kwa sababu kiwanda kimebadilisha manukato. Sasa wanatia ya limau, haikai.

Umbali na kukingwa. Nimeyaandika ukutani kwa chaki karibu na kitanda, makubwa, nayasoma kila nikiamka.

Kuhusu mama yako. Mimi ndiye niliyeamua usiitwe. Nilishika simu mimi, nikasema ana homa mimi. Kama una hasira, iko mahali pake. Mama yako alikuwa... basi, hayo tuyaache.

Sikujua habari ya mtu wa viti.

Sina swali safari hii. Nipe alama hivyohivyo.

Baba yako.


2 Julai

Baba, shikamoo.

Barua yako sikuipa alama. Haina kitu cha kusahihisha. Manukato ya limau mimi nayajua, na sabuni ni sabuni hata ukiitia limau.

Huku kipindupindu cha mitihani ya majaribio kimeanza, kila mtu mkali. Jana nilimfukuza mwanafunzi nje kwa kuuliza kitu alichokuwa na haki ya kukiuliza, kwa nini gesi ajizi, kama neoni, hazichangamani na wenzao. Nikamwita, nikamwambia ganda lao la nje limejaa, hawahitaji kutoa wala kupokea. Akasema wana raha. Darasa likacheka, nikacheka nami, halafu nikaenda stoo ya maabara nikafunga mlango nikalia kidogo. Sijui nilichokuwa nalilia. Nadhani nilimwonea wivu neoni.

Barua yako ya mwisho, mistari mitatu imeandikwa juu ya mistari mingine. Umeandika juu ya maandishi yako mwenyewe na hukuona. Mimi nasoma miandiko ya watoto mwaka hadi mwaka, najua mvivu anavyoandika, na mwenye haraka, na asiyeona ubao. Wa dawati la nyuma asiyeona ubao huandika hivyo.

Sikuulizi kwa swali. Nakuambia nimeona. Sasa useme mwenyewe.

Usiponijibu la kweli, usinitumie tena maswali ya kundi la kwanza.

Mwanao.


25 Julai

Kwa mwalimu, binti wa mzee,

Salamu zangu kwanza. Mimi ndiye yule msusi tunayekaa dawati moja na baba yako. Yeye anasema, mimi naandika. Ameniambia niandike neno kwa neno bila kuongeza la kwangu. Nitajitahidi.

Mwanangu, salamu. Shangazi yako hajambo. Paka hajambo.

Ni hivi. Mwaka jana kostiki ilinirukia jicho la kulia. Nililiosha kwa maji mengi kama tulivyofundishwa, jicho likapona nusu. Baadaye la kushoto nalo likaanza ukungu wake lenyewe, uzee tu, daktari anasema, mtoto wa jicho. Mwanzoni mwa mwezi wa tatu nikasoma kipimo vibaya, nikamwaga kostiki ndoo nzima zaidi kwenye pipa. Hakuna aliyeumia. Sabuni ile ingemchubua mtu, ikamwagwa. Bosi hakunifokea, na hilo ndilo lililoniuma. Akaniambia nikapumzike. Wala getini hakunipeleka, kwa sababu mlinzi naye anatakiwa aone anayeingia.

Kwa hiyo cheti sina kazi nacho tangu wakati ule. Nimeendelea na masomo kwa sababu ukiulizwa la kemia unajibu. Nilikuandikia la bati la jikoni, la paka, la cherehani, hukujibu moja. Nilipouliza atomu inasinyaa kwa nini, nikapata ukurasa mzima na alama sita. Nikasema, kumbe mlango ndio huu. Nikawa natafuta maswali. Nikiwa silielewi nafurahi, nasema hili litanipatia barua.

Upasuaji wa jicho la kushoto ni tarehe ishirini na mbili mwezi ujao. Wanasema ni mdogo. Wanataka ndugu mmoja awepo, nimemwandikisha shangazi yako. Usiache wanafunzi wako. Nakuambia ili usijesema nimekuficha mara ya pili, si kwa ajili ya kukuita.

(Hapa mimi msusi naongeza la kwangu, na mzee hajui. Alisema jambo, nikaliandika, kisha akaniambia nilifute. Nimefuta lile, nimeandika hili. Ni mama yako aliyekataza usiitwe. Alisema watoto wa watu wana mtihani, na mwalimu wao ni mmoja, na yeye ana nafuu. Akamwapisha mzee. Alipoona hana nafuu, sauti ilikuwa imekwisha kukata. Mzee anasema heri uwe na hasira na yeye aliye hai, kuliko uwe na hasira na mtu ambaye huwezi kugombana naye. Nimesuka vichwa vya wanawake wengi na kusikia mengi, lakini hili limenishinda kulinyamazia. Unisamehe.)

Naendelea kuandika anayosema.

Tumefanya jaribio. Mwalimu aliniruhusu niseme, mwenzangu aandike, kama sasa. Swali la tatu lilikuwa lile letu, kwa nini potasiamu inapoteza elektroni yake ya nje kirahisi kuliko lithiamu. Nilijua maneno yako mawili, nilikuwa nayo ukutani. Lakini nilipofungua mdomo nikajibu hivi, na mwalimu amenipa sifuri. Nakuletea unisahihishe wewe, usinionee huruma:

"Kwa sababu mtoto wa nje yuko mbali, na katikati wamekaa wengine wanaomkinga asisikie mvuto. Siyo kwamba kiini kimeacha kuvuta. Kiini kinavuta vilevile, tena kwa nguvu zaidi kuliko zamani. Hakifikii tu."

Hayo tu. Unakula?

Baba yako, kwa mkono wa msusi.


9 Agosti

Baba, shikamoo.

Dada msusi, shikamoo nawe, na asante. Msomee polepole, na ukifika mahali pagumu usiruke.

Nimekaa na barua yenu siku kadhaa kabla ya kushika kalamu. Niliibeba darasani ndani ya kitabu cha kiada, nikaifungua wanafunzi wakinakili, nikaifunga. Jana baada ya kipindi cha mwisho nikaisoma tena juu ya stuli ileile, na safari hii nikanyanyuka, nikaenda moja kwa moja ofisini kwa mkuu wa shule.

Nimeomba ruhusa. Amenikumbusha kuwa mtihani wa taifa uko karibu na mwalimu wa kemia ni mimi peke yangu. Amesema ananiamini, akanyoosha mkono kunishika bega. Nikasogea nyuma. Nikamwambia watoto nimewamalizia jedwali, safu na makundi yote, yaliyobaki ni mazoezi, na mazoezi wanaweza kusimamiwa na mtu yeyote mwenye kalamu nyekundu. Akauliza kuna nini kubwa nyumbani. Nikasema baba anapasuliwa jicho. Akasema si ni jicho tu. Nikatoka.

Baba, hasira yangu nilikuwa nimeizoea. Miaka miwili nimeamka nayo, nimepiga nayo mswaki. Sasa sijui niipeleke wapi. Kwa mama siwezi, na kwako haikuwa na haki ya kukaa. Ungeniambia. Nakukasirikia kwa kutoniambia, hilo moja ninabaki nalo, na tutaligombania nikiwa nimekaa mbele yako, shangazi akiwa mwamuzi. Dada msusi usigombezwe. Baba, nakukataza.

Ile sabuni ya potasiamu nimeiangalia kwenye vitabu viwili. Kimoja hakisemi kitu, kingine kinasema kwa kirefu na mimi mwenyewe sikukielewa. Nitakibeba, nitakusomea, tutashindwa pamoja.

Sasa jaribio lako. Swali la tatu nimelisahihisha. Mwalimu wenu amekosea kukupa sifuri, umbali umeutaja na kukingwa umekutaja, na hoja ni sahihi mwanzo mpaka mwisho. Msahihishaji wa taifa angekukata alama moja kwa kuandika "mtoto". Nilishika kalamu nikate, nikafika kwenye neno lile, nikalisoma tena, mkono ukakataa. Nimekupa zote.

Nasafiri kesho kutwa asubuhi. Huenda nikafika kabla ya barua hii, na kama ni hivyo, basi nitaingoja hapo nyumbani na nitakusomea mwenyewe. Mwambie shangazi jina lake alifute pale hospitali, waandike langu. Paka mwacheni juu ya cherehani, nitamshusha mimi.

Usihangaike kujibu. Ukituma huku, mtoto hayupo.

Chumvi.